Mwizi wa Sukari

Fundi anaishi chini yetu, chumba kimoja, cherehani ameiweka dirishani ili apate mwanga. Kazi yake kubwa ni kupunguza na kupanua makoti ya watu wanaosafiri kwenda nchi za baridi. Ni mkimbizi kama mimi. Mimi nilivuka mpaka na mwanangu mgongoni; yeye alivuka peke yake, kwa sababu alipotezana na dada yake kwenye foleni ya malori. Huu ni mwaka wa ishirini na moja anamtafuta.

Mwanangu anasoma sosholojia chuo kikuu, na utafiti wake ni juu yetu sisi tuliotawanyika. Nilimwambia aanze na fundi. Nikajuta kabla hajabisha hodi, maana namjua fundi: akiona kalamu na karatasi tu, hudhani dada yake ataitwa na kupatikana.

Na kweli. Tulimkuta amevaa gauni la kutokea. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, taratibu, ili lisikosewe.

Mwanangu akazima kinasa sauti. "Mama mdogo, majina siandiki. Ni sheria ya chuo, nakulinda."

"Unanilinda na nani? Mimi nataka kuonekana."

"Nikiliandika, kazi yangu yote itakataliwa."

Fundi akavua miwani. "Basi na mimi sina maneno. Dada atamtambuaje mtu asiye na jina?"

Nikajitia kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Huku jirani, huku damu yangu na shahada yake. Niliomba asinitazame yeyote.

Mwanangu akafunua ukurasa mwingine. "Kila mtu nampa jina la bandia. Ukitaka, chagua mwenyewe."

"Lolote?"

"Lolote, mradi watu wa hapa hawakuiti hivyo."

Fundi akachezea tepu iliyoning'inia shingoni. "Andika Mwizi wa Sukari."

"Mama mdogo, profesa atasema nafanya mzaha."

"Mwache aseme. Nilikuwa nalamba sukari ya mama, anachapwa dada. Jina hilo alinipa yeye, na duniani tunalijua wawili."

"Sasa wanne," nikasema.

"Wewe nyamaza, huhesabiwi, wewe jirani." Akamgeukia mwanangu. "Asiyenijua hatanijua. Anayenijua atanijua. Washa hiyo mashine."

Alizungumza mpaka chai ikapoa.

Kazi ilipochapishwa, mwanangu alimletea nakala. Fundi akaipekua hadi kwenye ukurasa wake, akasomewa mara mbili, kisha akasema, "Dada hasomi vitabu vya chuo. Lakini mtu husoma alichokikuta mfukoni."

Akautoa nakala ukurasa ule, rundo zima. Chini ya kila nakala akamwomba mwanangu aandike namba ya simu yake ya utafiti. Tangu hapo hakuna koti linalotoka kwake bila karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa ndani. Wenye makoti huwaambia kuwa ipo, na huwaomba wawaonyeshe mafundi wenzake huko waendako.

Siku hizi simu ya mwanangu ikiita kwa namba ngeni, mimi ndiye ninayeshtuka kwanza. Fundi hashtuki. Huuliza tu kutoka chini, bila kusimamisha cherehani, "Ni yeye?"

"Bado," namjibu.

"Haya. Nina koti jingine hapa."