Lambo Nililolichimba kwa Mdomo

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Mteja akiniletea kitambaa akaniambia ni mita tatu, nakipima mbele yake hata kama ni mke wa mchungaji. Kwa hiyo siku wapambe wa mgombea ubunge waliponifuata kwenye cherehani yangu pale Mhunze, wakasema mheshimiwa ananihitaji, nilijiuliza kwanza: kwa nini mimi?

Sababu ilikuwa nyepesi. Kila Jumapili nilikuwa mkalimani wa mahubiri kanisani kwetu. Wahubiri wageni walihubiri Kiswahili, nami nikiwa ubavuni kwao nikawageuzia kwa Kisukuma wazee na kina mama wa vijijini. Kazi hiyo ina namna yake. Mhubiri akisema "Mungu ni mwema," huwezi kulisema hivyo hivyo kama unatangaza mnada. Unawauliza watu: nani alileta ile mvua ya mwaka jana, wakati mtama ulishaanza kukunja majani? Mhubiri akinong'ona, wewe unapaza. Akipoa, wewe unachemka. Usipotia chumvi, kina mama wanasinzia na mchungaji anakuita pembeni baada ya ibada. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka tisa, na watu walipotoka wakisema mgeni wa leo alikuwa moto, nilikuwa nacheka peke yangu.

Mgombea alikuwa mtoto wa kwetu kwa kuzaliwa. Alipelekwa Dar es Salaam kabla hajang'oa meno ya utoto, akakulia huko, akasomea huko. Kisukuma chake kiliishia kwenye "mwadila," ambayo ni salamu ya mchana, naye aliitoa saa tatu asubuhi. Watu walicheka sana, wakampenda papo hapo. Mimi sikumpenda. Nilimtazama kuanzia chini kwenda juu: buti za mvua zisizo na tone la tope, fimbo ya mchungaji wa ng'ombe iliyopakwa vanishi, na mkono anaokupa kwa ncha za vidole kama vile atatakiwa kuurudisha ukiwa safi. Nikajisemea, huyu anatuigiza. Hata hivyo nilikubali kazi, kwa sababu nilipenda kusimama kwenye kipaza sauti. Hilo nalo niliseme.

Mkutano wa kijijini kwetu ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele, kavaa kitenge nilichomshonea mwenyewe. Mgombea akasema, kwa Kiswahili kile cha kwenye magazeti: "Ndugu zangu, mkinichagua nitahakikisha huduma ya maji inaboreshwa, kwa watu na kwa mifugo."

Hapo nikakwama kidogo. Kwa Kisukuma cha kwetu humwambii mfugaji habari ya maji bila kumwambia yako wapi. Atakuuliza ni maji gani, ya upande upi, na ni ng'ombe wa nani watakaotangulia kunywa. Nikaona nyuso zinaningoja, mama yangu akiwa mmoja wao. Nikavuta pumzi nikasema, kwa sauti yangu ya Jumapili: "Lile lambo letu la chini ya shule, lile lililojaa mchanga, litachimbwa upya! Ng'ombe wenu watakunywa hapo hapo. Hamtaswaga tena mifugo kutwa nzima kutafuta maji!"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Wazee walisimama. Mgombea akaniinamia, akauliza kwa chinichini, "Nimesema nini hapo?"

"Umesema maji, mheshimiwa."

Akatabasamu akaendelea. Alishinda, na kijijini kwetu alishinda kuliko kwingine kote.

Baada ya hapo nikawa mtu wa redio. Bunge likikaa, nilipunguza kasi ya cherehani nisikie kama atatutaja. Siku moja alisimama kweli. Akamshukuru Spika, akamshukuru mke wake, akasema wananchi wake wamemtuma alete shukrani. Nikasimamisha cherehani kabisa. Nani alimtuma shukrani? Akaendelea na uchumi wa kidijitali mpaka muda wake ukaisha. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakaulizana kama kweli ndiye. Mmoja akasema sauti ni yake lakini maneno siyo, kwamba huko Dodoma wamembadilisha. Nikamuunga mkono kwa hasira. Nilikuwa na maneno mengi juu ya yule bwana siku hizo, na kila aliyekuja kupunguza suruali aliondoka nayo pamoja na maneno yangu.

Mwaka wa pili mvua zikagoma. Lambo la chini ya shule likabaki kidimbwi katikati, na tope pembeni. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuja kutoka Chato ambako alihamia zamani. Nilikuwepo nyumbani siku hiyo, nimemletea mama sukari.

"Dada," mjomba akasema, "nipe ng'ombe niwaswage mpaka kwangu. Kule majani yapo na maji yapo. Mvua zikirudi nitakuletea."

Mama alicheka. "Niondoe ng'ombe wakati lambo linakuja kuchimbwa? Mbunge alisema mbele yetu wote, kwa mdomo wake mwenyewe. Mwulize huyu binti yangu, alikuwa pale pale."

Mjomba akanigeukia. Mdomo ule haukuwa wa mbunge. Mpaka siku ile sikuwa nimelifikiria, naapa; nilishaongea juu ya ahadi ile mara nyingi kiasi kwamba niliamini ni yake. Nilitakiwa kusema palepale, mbele ya watu wawili tu, mama na mjomba. Nikasema, "Ndiyo, alisema." Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa kushushwa kwenye macho ya mama. Nikajipa moyo kwamba mbunge gani atashindwa lambo moja. Wiki ile nilikwenda ofisini kwake kulifuatilia. Karani akaandika kwenye daftari, akaniambia limepokelewa.

Mjomba alirudi Chato mikono mitupu.

Mama alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Kati yao alikuwepo jike mwekundu, wa mwisho katika uzao wa ng'ombe wa mahari yangu. Ndiye aliyeanza. Aliingia kwenye tope la lambo kutafuta kile kidimbwi, akazama mpaka tumboni, na hakuwa na nguvu ya kujitoa. Tulimvuta kwa kamba, majirani na mimi, na mama akiwa pembeni anamwita kwa jina lake. Alifia pale. Wengine walifuata mmoja mmoja, mpaka wakabaki watatu. Mama hakumlaumu Mungu wala mvua. Alisema mbunge amechelewa, lakini atakuja.

Na kweli alikuja. Ulikuwa mkutano wa kusikiliza kero, uwanja ule ule, chini ya turubai. Nilitaka kuukwepa, lakini wapambe walisema bila mimi wazee hawatasikia. Nikapanda na kipaza sauti changu. Safari hii nilitafsiri kikavu, neno kwa neno, na watu wakaanza kunung'unika kwamba mheshimiwa leo hana raha.

Ilipofika zamu ya maswali, mama yangu akasimama. Hakupiga kelele. Akasema kwa Kisukuma kwamba alimngojea mbunge kwa sababu mbunge alisema lambo litachimbwa, na kwamba alikataa kumpa ndugu yake ng'ombe kwa sababu ya neno lile. Ng'ombe kumi na mmoja wamekufa. Anaomba aambiwe lambo litachimbwa lini, ajue cha kufanya na wale watatu.

Nikatafsiri vyote, bila kupunguza wala kuongeza.

Mbunge alikuwa na mshangao usoni, na nitamtendea haki: ulikuwa mshangao wa kweli. "Pole sana, mama," akasema. "Lakini mimi sikuahidi lambo. Nilizungumzia huduma ya maji kwa ujumla, na rekodi ya mkutano tunayo. Sijui hata lambo hilo liko wapi."

Hata lambo hilo liko wapi. Lilikuwa mita mia mbili nyuma ya turubai. Nilimchukia kwa sentensi hiyo, na bado nilijua kwamba katika yote aliyowahi kusema kwetu, hii ndiyo ilikuwa ya kweli kuliko zote. Tulikuwa hatujawahi kumsikia mtu huyu. Tulimpigia kura mtu anayezungumza kama sisi, na mtu huyo alikuwa mimi.

Watu wakaningoja nitafsiri. Ningeweza kulainisha. Ningeweza kusema anatafuta wataalamu, mvumilie, na wangepiga makofi. Nikasema, kwa Kisukuma, "Anasema hakuahidi lambo. Na ni kweli hakuahidi. Yeye alisema maji tu. Lambo nililiongeza mimi."

Mzee mmoja akacheka, na wengine wakafuata, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Tulikuwepo! Tulimsikia wenyewe!" Mwingine akasema wanasiasa wana akili, wamemtafuta mtoto wa mwenye ng'ombe aje awaokoe. Nikarudia. Nikaeleza habari ya mahubiri, namna ninavyoongeza, namna nilivyofanya siku ile. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyotikisa vichwa. Mbunge akanigusa bega kwa ncha za vidole, akauliza, "Wanasemaje?"

Nilimtazama mama. Nilijua yeye ataniamini, kwa sababu ananijua tangu tumboni, anajua nikidanganya shingo yangu inavyokaa. Alikuwa bado amesimama, kashika ncha ya kitenge chake. Alinitazama muda mrefu, kwa jicho nililomtazamia yule mgombea siku ya kwanza, kuanzia viatu mpaka usoni.

"Mwanangu," akasema taratibu, "wamekupa nini?"