Sirene ya Kisenge

Juzi sirene ya mgodi mpya, king'ora cha mwisho wa zamu, ililia hapa Kolwezi, na mama, mzee sasa, akainuka kubandika maji ya bukari, ugali wetu. Hakuna hata mmoja wetu anayefanya kazi kule.

Nilipokuwa mtoto, katika kambi ya wachimbaji Kisenge, juu mlimani, wanawake wote walisonga bukari sirene ikilia, wanaume wakitoka mgodini. Alasiri moja haikulia. Maji yalichemka, mama akaongeza mengine, moshi wa makala ya jiko ukituwasha macho. Tata, baba yangu, akaingia, vumbi jeusi la manganizi, madini yao, masikioni.

“Tata, sirene iko wapi?”

“Iko napumuzika, mwana.”

Nilifurahi, nikijua kesho atashinda nami. Alishinda nami kila siku. Majirani wakahama, nyasi zikafika madirishani. Hata siku tuliyomzika Tata, sirene haikulia.