Paswadi ya Mwalimu wa Kola

Siku yangu ya kwanza kazini katika kampuni ya intaneti, Meneja wa Tawi alinikabidhi bisibisi, waya wa simu na onyo: "Kijana, kompyuta haina huruma. Ukikosea herufi moja itakukataa mpaka uzeeke." Nilikuwa nimetoka Katangi na cheti kipya, nikidhani najua. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni, na mjini Machakos intaneti ya nyumbani ilipita kwenye laini ya simu. Ulichomeka modemu, kile kisanduku kinachopiga simu kwa niaba ya kompyuta, ukaingiza namba ya kampuni, jina la mtumiaji na paswadi, kisha ukamwomba Mungu. Modemu ilipiga kelele kama kuku aliyeshikwa miguu. Ikinyamaza, ama umeunganishwa, ama umefukuzwa.

Baadaye nilihamishiwa Athi River, chini ya Mkuu wa Mafundi, mtu mkali asiyependa visingizio. "Fundi harudi ofisini na 'imekataa'," alituambia. "Anarudi na sababu." Niliporejeshwa Machakos, nilirudi na neno hilo.

Ndilo lililonikaza siku niliyoitwa Kola, nyumbani kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Binti yake, Rehema, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo. Chuo kilitaka jibu kwa barua pepe kabla ya jioni hiyo, la sivyo nafasi apewe mwingine. Na akaunti yao mpya ya barua pepe ilikuwa imekataa kufunguka. Rehema alisimama dirishani.

Nilikagua kila mpangilio. Namba ilikuwa sawa, waya sawa, anwani za seva sawa. Nikamuuliza mama paswadi.

"Ni jina ya huyu mtoto," akasema.

Nikaandika rehema. Vikatokea vinyota tu, modemu ikalia, ikanifukuza. Nikarudia polepole, ikanifukuza tena. Simu ya ofisi yetu ya Nairobi, ambako akaunti husajiliwa, haikupokewa. Lakini kurudi mjini mikono mitupu sikukubali.

"Mwaitu," nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu Ukambani, "hii paswadi ilisajiliwa na nani?"

"Ni mimi. Nilipigia kijana wa Nailobi simu."

"Ukamwambia aje?"

"Nikamwambia ni Lehema. Akaandika."

Hapo nikaelewa. Sisi Wakamba herufi r hutuponyoka, na mama akitamka l, sikio langu hurekebisha lenyewe bila kuniuliza. Yule karani hakuwa mtu wa kwetu. Aliandika alichosikia.

Nikaandika kwa l. Modemu ikalia, ikanyamaza, na barua zikaanza kuingia. Rehema alijibu, na kabla sijakunja waya wangu chuo kilikuwa kimethibitisha. Nilifurahi kana kwamba nasafiri mimi.

Sasa kazi hiyo nimeiacha. Simu za wanangu hujiunga na mtandao zenyewe, nami siwaonei wivu. Vijana wakiniuliza ufundi ni nini, huwaambia wasichoke kuuliza, hata swali la kijinga. Wananiona mzee wa mambo ya kale, na huenda ndivyo.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni kwamba siku ile nilitaka kuibadilisha paswadi, niiandike kwa r kama inavyopaswa. Mama alinikazia macho ya darasani.

"Usiguse," akasema. "Huko anaenda watamuita vile watataka. Hapa kwangu ni Lehema."