Kichwa Kilichogoma Kunyolewa Misima

Leo shangazi kanifukuza kwenye msiba wa kaka yangu, kisa upara!

Tulikuwa Misima, tumemaliza matanga, ndugu wote tunanyolewa vipara kumwaga marehemu, ndiyo mila yetu. Zamu yangu wembe ukapita mara nne, kichwa bado cheusi.

Shangazi akafoka, "Wewe mtoto, unamnyima marehemu nywele?"

Mimi! Niliyebeba jeneza peke yangu toka barabara ya lami!

Ikabidi niseme ukweli. Ni wino huu, shangazi. Nilichorwa tatuu ya vidoti kichwani kule Manundu, vionekane kama nywele, kuficha upara.

"Mwongo mkubwa! Usikanyage kaburini mpaka kichwa king'ae."

Nimemvamia mchoraji mchana huuhuu. Eti mashine ya leza inafifisha wino taratibu, niwe narudi miezi na miezi. Mshenzi! Aliniapia hakuna atakayegundua.

Kweli, hakugundua mtu.

Haya niambieni, kaka yangu nikamlilie wapi?