Niliziba pumzi ya tenki nikidhani nabana petroli

Wakuu, salamu kwenu. Shule niliishia la nne, lakini hili lilinikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya mitumba ya Japani yakaanza kumiminika, nikanunua pikapu yangu ya kwanza. Dodoma nzima nilitembea kifua mbele. Jasho langu, sikurithi.

Sasa kwenye injini kulikuwa na kopo jeusi lenye mipira, linanuka petroli. Nikajua mafuta yangu yanatorokea hapa. Nikachomoa mpira unaotoka kwenye tenki, nikausindilia kijiti, nikakaza na tyubu ya baiskeli.

Mfuniko wa tenki nilishaweka wa kufuli, hauna hata tundu la sindano. Nikajiona injinia.

Siku hiyo nimebeba zabibu za Mama Neema, mkulima wa Makutupora, tunawahi treni ya Dar. Mavuno yake yote yako nyuma, na jua mnalijua. Treni ikituacha, zimeoza.

Kilomita chache, gari likazima.

Nikapuliza filta, nikafungua kabureta. Tukingoja linawaka, linasogea, linazima. Mara tatu.

"Baba, hili gari lako au umeazima?" Mama Neema akauliza.

Nikamwambia gari ni kazi ya wanaume, achunge zabibu zake.

Nikafungua tenki nione kama mafuta yapo. Likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeibuka majini.

Mama Neema akacheka mpaka akashika bodi.

"Umelinyima pumzi, fundi. Kopo la mafuta ya kupikia unatoboa matundu mangapi?"

"Mawili."

"La pili la nini?"

La pili ni la hewa. Kila mwenye duka anajua.

Nikachomoa kijiti, nikarudisha mpira. Gari likaondoka kama limetukanwa. Stesheni tukakuta behewa bado linapakia, kreti zote zikaingia.

Baadaye fundi mmoja akanieleza: kopo lile lina mkaa ndani. Gari likisimama, mkaa unanasa mvuke wa petroli. Likitembea, injini inauvuta na kuuchoma. Na petroli ikipungua, hewa inaingia tenki kupitia humo humo. Yaani kopo nililoliita mwizi ndilo lililokuwa linaniokolea mafuta. Nilifurahi kama nimepewa gari jipya.

Funzo: usizibe kitu kabla hujajua kinapitisha nini. Na mwanamke akikuuliza swali barabarani, jibu.

Haya, nanyi mliziba nini? Semeni, mimi aibu yangu nimeshaitoa.