Maji ya Dada Bhoke

Juzi sokoni Mugumu niliona wasichana wakiandamana kwa ngoma, wakishangiliwa kwa kukataa kukeketwa. Nilirudi nyumbani bila vitunguu nilivyofuata. Habari ya dada Bhoke nimeiandika mara nyingi, na kila mara nimejipunguzia kosa.

Kule Nyanungu, kijijini nilikokulia, dada Bhoke, binti wa baba mkubwa, alikuwa wa kwanza kukataa. Mchana mmoja kisimani palinuka matope na samadi, na wasichana walikuwa wakimwimbia, "Msagane! Msagane!" Ndivyo alivyoitwa asiyekeketwa. Mimi nilidhani ni ugonjwa unaoambukiza.

Bhoke alinichotea ndoo ya maji, akaninong'oneza, "Na wewe utakataa, mdogo wangu. Tukiwa wawili watachoka."

"Haya, kanywe maji ya msagane!" wenzangu wakacheka.

Nikaimwaga ndoo miguuni pake, kisha nikaimba kuwashinda wote. Bhoke alichota maji yake, akaondoka peke yake.

Zamu yangu ya kukeketwa ilipofika, baba aliwaambia shangazi zangu, "Bhoke alikataa, mkasema laana itaua mifugo, na ng'ombe wetu wako hai. Huyu naye mwacheni."

Nikaachwa. Sikuhitaji kusema neno la kukataa, na kwa Bhoke neno la samahani bado sijalisema.