Bahasha Kumi na Saba za Mzee Mfaume

Bahasha yenye neno SIRI haifunguliwi na karani. Inasubiri faili la mhusika. Kanuni hiyo Mfaume aliisimamia miaka thelathini na moja katika masjala ya shirika moja la umma, na kila karani aliyepita mikononi mwake aliikariri kama jina la mama yake.

Alipostaafu, shirika lilimhesabia miaka ishirini tu, ile iliyokuwamo kwenye kompyuta. Miaka kumi na moja ya mwanzo haikuonekana kokote, maana faili lake halikuonekana. Nakala ya barua yake ya ajira ilikwishachukuliwa na mafuriko, pamoja na godoro na jiko la mkaa, pale pale nyumbani kwake Tandale.

Alikwenda ofisini kueleza. Mlinzi getini akamwambia aandike barua. Akaandika. Kwa kuwa mambo ya mtumishi ni ya faragha, akagonga SIRI juu ya bahasha, kwa muhuri aliozawadiwa siku ya kuagwa. Wiki zikapita kimya. Akaandika nyingine.

"Baba Lulu, kwani huko unaposa?" mkewe Mauwa alimuuliza ilipofika ya tisa. "Mie mwenyewe hukuniandikia hata moja."

"Ofisi ina taratibu zake, Mama Lulu."

"Na tumbo nalo lina zake."

Mwaka wa pili waliuza kiwanja cha Goba, walichokuwa wamekinunua ili wazeekee mlimani, mbali na maji. Sehemu ya fedha ililiwa, sehemu ikafungua kesi. Wakili wao, Demetria, alikuwa mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Kila alipomuuliza Mfaume barua zile zilisema nini, alijibiwa kwamba yaliyogongwa SIRI hayasemwi nje ya ofisi. Mwaka wa nne akaomba karani wa masjala aitwe kutoa ushahidi.

Akaja Najat, mwanafunzi wa mwisho wa Mfaume. Kabla ya kupanda kizimbani alimwendea mzee wake: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Masjala haijambo?"

"Haijambo."

Demetria akamuuliza kama amewahi kupokea barua ya mdai.

"Kumi na saba. Hizi hapa." Alizitoa, zimefungwa kamba, zimepangwa kwa tarehe, na gundi yake haijaguswa.

"Hujafungua hata moja? Miaka minne?"

"Zina SIRI, Mheshimiwa. Zinasubiri faili lake. Na faili halionekani."

"Nani alikufundisha hivyo?"

Najat akanyoosha kidole kwa adabu. "Mzee yule pale."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mfaume alitikisa kichwa kukubali, na, Mungu amsamehe, alitabasamu kwa fahari. Mauwa akamfinya paja.

Jaji akaagiza bahasha ya kwanza ifunguliwe na isomwe kwa sauti. Mfaume alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake wa kunyooka, kwamba siku yake ya mwisho kazini kabati la wastaafu lilikuwa limejaa, naye hakutaka kukunja mafaili ya wenzake. Kwa hiyo faili lake mwenyewe alilihifadhi kwa muda katika kabati la marehemu, droo ya chini, kushoto.

"Yaani ulijizika!" Mauwa alisema, na karani wa mahakama akamwomba anyamaze huku naye akijifuta machozi.

Faili lililetwa mchana ule ule. Barua ya ajira ilikuwamo, na miaka kumi na moja yote. Wakili wa shirika akafunga mkoba wake.

Nje, Najat alikuja kuomba radhi.

"Hukukosea," Mfaume alimwambia. "Lakini kuanzia kesho, ikifika bahasha ya pili ya mtu yule yule, mpigie simu."

Aliiacha kanuni kwa sentensi moja, baada ya kuishika miaka thelathini na mitano. Mafao yake alilipwa kamili. Kiwanja cha Goba kina nyumba ya mtu mwingine, na masika yanapoingia Mfaume na Mauwa bado wanapandisha godoro juu ya meza, Tandale.